Jino Lililopotea Njia

Jumamosi, 12 Aprili 2025

Ubwa kapiga simu nikiwa kazini, mzani umejaa magunia ya vitunguu na abiria wa boti wananigombeza. Faiza kaota jino! Nikapiga kigelegele palepale ofisini. Mwenzangu Simai kashtuka, kaangusha kalamu. Mtoto wa kwanza wa mdogo wangu, jino la kwanza — atakayeninyima kigelegele nani?

Nikauliza kama kila mtu anavyouliza: la juu au la chini?

Ubwa akasema, "La chini silo, dada. Na la juu pia silo."

Nikamwambia asinitegee vitendawili, nina foleni. Katuma picha.

Mwanzo nilidhani ni punje ya wali. Faiza analia, mdomo wazi, na pale juu kabisa, katikati ya kaakaa, pasipo na ufizi wala chochote — jino. Jeupe, limesimama peke yake. Nimecheka. Simai kachungulia, yeye hakucheka.

Jioni nilitaka kuitazama tena. Haipo, imefutwa. Ubwa kaandika kwamba Bi Mwamvua, mama mkwe wake, kamwamuru aifute. Kitu kama hicho hakisafirishwi, kasema. Bi Mwamvua na simu za watu! Huyu ndiye aliyemkataza binti yake kupigwa picha na tumbo.

Jumatano, 16 Aprili

Wamekuja kutoka Makunduchi kumwona daktari, wamelala kwangu. Nyumba yangu hii ya ghorofani, Malindi hapa mjini, ina vyumba viwili na mtu mmoja, kwa hiyo wageni nawapenda, ingawa huwa siwaambii. Faiza ana miezi sita, mzito, mashavu kama maandazi. Wanu, mke wa Ubwa, kampitisha njia nzima kamfunika mdomo kwa ncha ya kanga. Nikamwambia, wifi, mtoto atakosa pumzi. Kanijibu kwamba watu wana macho.

Daktari wa meno ni kijana mpole. Katia kidole, kapapasa, kamchekesha mtoto. Jino la ziada, kasema, limepotea njia tu. Hutokea. Halina mzizi wa maana, likianza kucheza tumrudishe alitoe asije akapaliwa nalo. Basi, hiyo ndiyo hadithi yote.

Tulipotoka tukatembea mpaka Darajani. Pale sokoni Wanu kasimama mbele ya meza ya pweza, kaniuliza, "Limepotea njia, sawa. Lilikuwa linakwenda wapi?"

Nikanunua pweza.

Baadaye, tukiwa jikoni wawili, kaniambia jingine kwa sauti ndogo. Akimnyonyesha, jino lile linamgusa. Mtoto hamng'ati. Linamgusa tu, kila akivuta. "Kama mtu anabisha hodi, wifi. Kutoka ndani."

Ijumaa, 25 Aprili

Ubwa kaanguka na pikipiki, mkono umeteguka. Mbuzi wa Bi Mwamvua kazaa mfu. Jirani aliyekuwa akiwaletea maziwa kila asubuhi sasa anayaacha ukutani na kwenda zake bila salamu. Haya yote kanieleza Bi Mwamvua mwenyewe kwa simu, moja baada ya jingine, bila kumtaja mtoto. Hakuwa na haja.

Mtoto akianza meno ya juu wazee humwita kigego. Kigego nuksi, kwao na kwa mji mzima, na waliyokuwa wakifanyiwa watoto hao zamani hayasemwi mbele ya watu wanaokula. Meno ya juu Bi Mwamvua anayajua. Ya chini hayana neno. Hili halijui aliweke wapi, na hilo ndilo linalomtisha. "Hili si la juu wala la chini, mwanangu. Hili la ndani."

Dawa yake ni hii. Mama anamweka mtoto jaani, nyuma ya nyumba, anaingia ndani bila kugeuka. Anapita mtu, anamwokota, anazunguka mlango wa mbele na kuuliza: nimeokota mtoto, kuna aliyepotewa? Ndani wanajibu hakuna. Anauliza tena, wanajibu hakuna. Mara ya tatu mama anafungua mlango na kusema, huyo wangu. Anampokea mtoto, anampa aliyeokota konzi ya chumvi. Kwisha. Aliyetupwa katupwa na nuksi yake, aliyepokewa ni mwingine.

Nikamuuliza, na Mungu mtamweka wapi? Kasema Mungu anaangalia nia. Nikamuuliza kwa nini mwokotaji niwe mimi, Makunduchi wanawake wamekwisha?

"Lazima awe hana mtoto. Mwenye wake haokoti, anapita."

Kalisema kwa upole, na upole ndio ulioniuma. Nina miaka arobaini na moja. Mume kaniacha kwa sababu hiyohiyo, leo imekuwa sifa ya kazi.

Kesho Muungano, zamu si yangu. Nitakwenda. Mchezo wa wazee tu.

Jumapili, 27 Aprili

Naandika tangu mwanzo, nisije nikajidanganya.

Ilikuwa jana, alasiri inakaribia, mbingu imefunga. Nilisimama penye mstafeli nyuma ya nyumba kama nilivyoagizwa. Jaa lao ni kama majaa mengine: makumbi, majivu, magamba ya samaki, ndoo iliyopasuka. Wanu katoka na Faiza kwenye kanga kuukuu. Nilidhani atambusu kwanza, au atalia. Kamweka chini kama mtu anayetua mzigo, kaingia ndani. Hakugeuka. Ndivyo alivyoambiwa, najua. Lakini mtu anaweza kutogeuka kwa namna nyingi, na ile namna yake sikuipenda.

Faiza hakulia. Alikuwa anatazama mawingu, mdomo wazi, jino linaonekana. Nzi katua shavuni. Niliambiwa nipite kwanza kama mpita njia, halafu nirudi. Sikupita. Nilimwendea moja kwa moja.

Mzito, nywele zinanuka majivu. Nikazunguka mbele. Mlango umefungwa. Nikaona haya, mtu mzima mimi, lakini nikasema: "Nimeokota mtoto. Kuna aliyepotewa?"

"Hakuna." Sauti ya Wanu.

Nikauliza tena.

"Hakuna." Kavu, upesi.

Nikafungua mdomo mara ya tatu, msikiti ukaadhini. Nani anasema juu ya adhana? Nikanyamaza. Ndani nao wakanyamaza. Nikawa namwitikia muadhini kimyakimya, mtoto kichwa begani, na Mungu anisamehe, sikutaka amalize. Alipomaliza tu mvua ikashuka, ile ya masika isiyobisha hodi. Bi Mwamvua mwenyewe kaufungua mlango. "Ingia, ingia, mtoto asirowe."

Nikaingia. Mmoja kaleta taulo, mwingine chai ya tangawizi. Ubwa kasali na bendeji yake. Tukacheka kwa vile tulivyorowa. Chumvi ilikuwa mezani kwenye kibakuli, hakuna aliyenipa, nami sikuona kitu kimepungua.

Nimekumbuka leo asubuhi, nikipiga mswaki. Mara ya tatu sikuuliza.

Na usiku Faiza alilala nami, hukohuko Makunduchi, kwa sababu hakuna aliyekuja kumchukua.

Wanu kaamka na homa. Ubwa kaniomba nikae na mtoto mjini siku chache, mama yake apumzike. Nikaenda kumuaga. Alikuwa amelala, kageukia ukuta. Nikamwambia, wifi, basi namchukua Faiza.

"Safari njema," kasema.

Jumatano, 30 Aprili

Nimekwenda naye kazini, nitafanyaje? Simai kampandisha kwenye mzani wa mizigo. Kilo nane. "Mzigo wa nani huu, hauna jina?" Mizigo isiyo na jina tunaiweka pembeni, na mwenyewe asipotokea huwa ya atakayejitokeza.

"Wangu," nimesema. Tumecheka sote. Faiza naye kacheka, mdomo wazi mpaka juu.

Simai kaacha kucheka. Kamteremsha taratibu, kaenda kunawa mikono.

Nimeungua kaakaa. Chai ya moto.

Alhamisi, 8 Mei

Ubwa kapiga. Kauliza bei ya sukari mjini, kauliza boti za Dar, kauliza paa langu linalovuja. Nikangoja. Hakuuliza.

Mwisho nikasema mwenyewe: Faiza hajambo.

Kajibu, "Aa. Alhamdulillahi." Vile mtu anavyosema ukimpa habari za mtoto wa jirani yako.

Nikamuuliza Wanu yuko vipi. Mzima, kapona zamani, anakwenda mwanini na wenzake, na anaimba. Maziwa yamekauka. "Unamtaka lini mtoto wenu?" nikauliza. Kasema ngoja atazame, nami nikasikia kabisa kwamba hakuelewa atazame nini.

Daktari angesema ni ugonjwa wa waliojifungua, hata redioni nimewasikia wakiueleza. Yawezekana. Lakini Ubwa hakuzaa.

Nimeogopa. Halafu nimefurahi, na hiyo furaha ndiyo iliyonitisha zaidi. Faiza analala na mkono ndani ya shingo ya gauni langu. Miaka yote hii nilidhani nyumba yangu ni tulivu, kumbe ilikuwa tupu.

Kile kidonda cha kaakaani hakijapona. Ulimi hauachi kukiendea.

Jumapili, 18 Mei

Nilimrudisha. Nataka ijulikane kwamba nilimrudisha.

Jana nimefika Makunduchi mchana na Faiza, chupa zake, nguo zake zimefuliwa na kupigwa pasi. Wanu yuko uani anaanika mwani. Kang'ara, kanenepa kidogo. "Karibu, wifi!" Kaja, kanibusu, kamtazama mtoto, kamshika shavu kwa kidole kimoja.

"Mashaallah. Wa nani huyu?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania, wifi na wifi hawakosi utani. Yeye naye kacheka, kwa adabu, kwa kuwa mimi nimecheka. Kisha karudi kwenye mwani wake. Faiza hakumnyooshea mikono.

Ndani, susu alilokuwa akilazwa Faiza bado linaning'inia. Wamelitia vitunguu.

Nikamkalisha Bi Mwamvua. Shikamoo yangu kaijibu bila kunitazama. Nikamwambia hiki si kitu cha kuchezea, binti yako mgonjwa, apelekwe hospitali. Kaniacha nimalize. Kisha kauliza moja tu: siku ile, mara ya tatu, uliuliza?

Nikamwambia kuhusu adhana. Nikamwambia kuhusu mvua.

"Basi ulimwokota, hukumrejesha," kasema. "Wanu kajibu mara mbili kwamba hakupotewa. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasema, na ndani yake yamebaki hayohayo. Sisi sote wa ndani tulikuwa naye." Kumbe naye inampasa akaze moyo kumkumbuka mjukuu wake. Kila asubuhi analisema jina lake mara kwa mara, kaniambia, kama mtu anayehifadhi sura.

Nikamuuliza kama bado inafaa.

"Inafaa. Simama mlangoni, uliza ya tatu. Mimi siwezi kukuulizia, mwenye ulimi ni aliyeokota. Lakini iwe jino lingali mdomoni. Likishatoka, huyo ni mtoto kama watoto wote, hakuna cha kumjulia kwamba ndiye aliyetupwa."

Nikatoka nje na Faiza. Wanu kaingia, mama yake kafunga mlango. Kila kitu mahali pake. Kinywa nimeshakifungua. Faiza kalaza kichwa begani kwangu, kapumua, kalala.

Nikaona tumwache alale kwanza. Nitauliza akiamka.

Alipoamka tulikuwa tumeshafika Malindi.

Ijumaa, 30 Mei

Meno mawili ya chini, mahali pake, kwa mpangilio wake! Nimempigia Ubwa, halafu nikakata kabla hajapokea.

Kapiga yeye. Wanu haimbi tena. Anatafuta. Anafunua vyungu, anatoa nguo zote sandukuni, anapita nyumba za majirani kuuliza kama wamekiona chake. Wakimuuliza nini, hajui. Vidole vimechubuka kwa kuchimbua. Jana wamemkuta nyuma ya nyumba, jaani, anapekua makumbi na majivu kimoja kimoja na kuvipanga pembeni.

"Dada, wewe unajua anatafuta nini?"

Nimesema sijui.

Nimeandika hapa nilichosema. Angalau hapa kiwepo.

Jino la kaakaani linacheza. Nikiligusa linakwenda na kurudi. Daktari alisema likianza kucheza nimpeleke. Bi Mwamvua alisema nisiliache litoke. Nitampeleka wiki ijayo, kwa mmoja wao au mwingine. Nimemnunulia gauni la Sikukuu, la manjano, kubwa kidogo, alivae mpaka mwakani.

Kuzaa si kazi, kazi kulea. Wasemao hivyo huwa wamezaa.

Jumanne, 3 Juni

Limetoka.

Asubuhi nikimlisha uji, kijiko kikagonga kitu. Nikakitoa kwa kidole kutoka mdomoni mwake kabla hajameza. Dogo, halina mzizi, kama alivyosema daktari. Kaakaa lake halina hata alama. Nimelisuuza, nikalitia kwenye kibakuli cha chumvi. Sijui kwa nini kwenye chumvi, ndicho kilichokuwa karibu.

Mtoto wa kawaida kabisa sasa. Kazini sikwenda. Nimekaa naye mkekani tangu asubuhi namwita jina lake, na kila nikimwita anageuka.

*

Naandika nikiwa sakafuni, mgongo kwenye mlango. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Nilimsikia kuanzia chini. Si hodi. Sauti ya Wanu, kwenye mlango wa jirani wa chini: "Nimepotewa. Kuna aliyeokota?" Wakamwambia hakuna, dada, umepotewa na nini? Hakuwajibu. Akapanda ngazi. Amekuja vipi mjini peke yake, na nani kamwonesha nyumba, sijui. Miguu yake imemleta.

Kasimama hapa nyuma yangu, ubao tu kati yetu.

"Nimepotewa. Kuna aliyeokota?"

Nikajibu kabla sijafikiri. "Hakuna."

Nikangoja ashuke. Hakushuka. Alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia, na akauliza tena, neno kwa neno. Faiza alikuwa anatambaa, akasita. Akaugeuzia mlango kichwa.

"Hakuna," nikasema. Mara ya pili ni nyepesi kuliko ya kwanza. Wanu pia lazima aliiona hivyo, siku ile.

Imebaki moja. Nikifungua nikasema ninaye, basi ni wake, jino liwepo lisiwepo, maana safari hii mwenye kuuliza ni yeye, na mimi nirudi kwenye vyumba vyangu viwili. Nikisema hakuna, atateremka ngazi hizi na hatatafuta tena, wala hatajua milele alikuwa anatafuta nini. Na mimi nitakuwa na mtoto. Wifi yangu huyu, aliyeniuliza lile jino lilikuwa linakwenda wapi. Namtaka mtoto wake kuliko nilivyowahi kutaka kitu duniani.

Kavuta pumzi aulize, na msikiti ukaadhini.

Alasiri. Kanyamaza. Nami nimenyamaza. Haifai kuandika wakati wa adhana, naandika. Namsikia anamwitikia muadhini kwa kunong'ona, taratibu, hakosei hata neno. Ulimi wangu umekwenda juu, kwenye kile kidonda. Kimekuwa kigumu. Kina ncha, kama jino.

Faiza kashika mlango, kasimama. Hajawahi kusimama. Anaupiga ubao kwa kiganja, polepole, na huko nje kuna mkono unaupapasa kutoka upande wa pili, unatafuta panapogongwa.

Muadhini anamalizia. Safari hii mvua hakuna, ya tatu ataiuliza.